Wapitao Fleti Namba Nne

Wakala aliyempangisha Bi. Pelham fleti namba nne hakumficha kitu. Alimwonyesha jiko la umeme, sakafu ya mbao iliyong'arishwa na roshani inayotazama mto Chania. Akamweleza kwamba Thika mjini ni dakika kumi kwa gari, na asiye na gari asijisumbue kuhamia pale. Halafu akasema kwamba kila jioni, kama saa kumi na moja na nusu, wanawake hupita sebuleni wakitoka kuteka maji.

"Wanagusa vitu?"

"La. Wanapita tu."

Bi. Pelham akatia sahihi. Ilikuwa mwaka wa 1955, na nyumba nzuri zilikuwa adimu.

Nyawira, mtumishi wake, alijua zaidi. Jengo lilikalia njia ya miguu iliyoshuka mtoni kutoka kijiji chao, kile kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha tangu Hali ya Hatari itangazwe. Wanawake walifunguliwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku waende kuteka maji. Kabla ya fleti kujengwa, muda huo ulitosha. Sasa jengo lilikuwa na ua wa seng'enge, na askari wa langoni alifungulia magari tu. Hata Nyawira, pamoja na vibali vyake vyote, aliingia na kutoka akiwa katika kiti cha nyuma cha gari la Bi. Pelham. Waendao kwa miguu walizunguka ua mzima, na aliyechelewa kurudi kijijini alipigwa risasi, maana amri ilikuwa amri.

Hao waliopigwa ndio waliopita sebuleni. Walijitokeza ukutani karibu na redio, madebe mgongoni, ukanda wa ngozi umekaza kipajini, wakaingia ukuta wa pili. Nyawira aliwajua wote. Kila jioni alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, roho juu, akimtafuta mama yake, Waithira, ambaye goti lake lilikuwa limevimba tangu mvua za masika. Asipomwona, alishusha pumzi na kuleta chai.

Jumapili moja alimsihi mama yake asiende tena mtoni.

"Na nani atanitekea? Wewe unakaa kwa watu," mama akasema. "Wachana na hiyo maneno."

Basi Nyawira akamwomba Bi. Pelham ufunguliwe mlango mdogo kwenye ua wa seng'enge, wateka maji wapite. Bi. Pelham hakuwa mtu mbaya. Aliandika barua, kwa mwandiko mzuri sana. Kampuni yenye jengo ikajibu kwamba wapangaji wote wana magari, hakuna aliyelalamikia kukosa njia ya miguu, na njia ya namna hiyo ingeshusha hadhi ya mahali.

"Nimejaribu, Nyawira."

"Asante, Memsahib."

Alhamisi iliyofuata walipita kumi na mmoja, kama kawaida. Nyawira alikwisha geuka kwenda jikoni aliposikia hatua nyingine. Waithira alitoka ukutani peke yake, debe mgongoni, wala hachechemei.

Nyawira akaweka kitambaa chini. Kwao, mtu hampiti mama mwenye mzigo bila kumpokea, na miezi yote ile hakuwapokea wale wengine kwa kuogopa kuzoeana nao. Sasa akanyoosha mikono.

"Acha, mwanangu," mama akasema. "Hauna uzito. Nilichelewa kidogo tu."

Akawafuata wenzake.

Bi. Pelham aligeuza ukurasa wa gazeti. "Yule wa mwisho ni mgeni?"

"Ndiyo, Memsahib."

"Anaonekana mtu wa adabu."

Nyawira akakubali kwamba alikuwa mtu wa adabu. Kisha akaenda bafuni kumfungulia Bi. Pelham maji ya kuoga, akasimama pale mpaka beseni la kuogea likajaa.