Sahani ya Lameki

Kwa siku kumi na tisa mama alimwekea Lameki chakula. Ndizi na maharage, kipande cha sato siku kikipatikana, sahani ikafunikwa kwa jani la mgomba na kuwekwa juu ya kabati, mahali ambapo paka hafiki. Asubuhi alikitoa kikiwa kimelala, akawapa kuku, kisha akaanza kuwaza atampikia nini jioni. Yeye mwenyewe alikula vijiko viwili, vitatu, akasema ameshiba. Na aliyemwambia kwamba mwanawe huenda yuko hai nilikuwa mimi.

Lameki alikuwa mdogo wangu, tumepishana mwaka mmoja tu. Alikuwa akinunua dagaa kisiwani Bumbire na kuwauza Kemondo. Jumanne moja ya mwaka juzi mtumbwi aliopanda ulijaa maji katikati ya ziwa. Walikuwa watano. Wawili waliokolewa, wawili miili yao ikaonekana siku ya tatu. Lameki hakuonekana, si hai wala maiti.

Machibya, Msukuma aliyekuwa ameshika injini ya ule mtumbwi, alikuja nyumbani kwetu Muleba na malengelenge mikononi. Alipiga magoti mbele ya mama.

"Nilimshika shati, mama. Akaenda chini, shati likabaki mkononi."

Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwambia anatuzikia mtu haraka ili tusiulize kwa nini mtumbwi wake haukuwa na maboya. Aliondoka bila kunywa hata maji. Mimi nina mdomo, sikatai, na siku ile niliutumia wote.

Kwetu, aliyepotelea ziwani huzikwa hata kama mwili haukupatikana. Hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likavishwa, likalazwa kibanjani, kwenye shamba la migomba, kama mtu. Bila hivyo msiba hauishi. Mama anaendelea kukaa chini kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa sebuleni, jembe haliguswi, na majirani hawajui wakupe pole au wakupe moyo. Baba mdogo Kahigi alitaka tuzike wiki ile ile. Mama akamkatalia.

"Mngojeni Consolata aulizie kwanza. Ndiye aliyesoma. Akisema tuzike, tutazika."

Aliyesoma! Cheti cha uhazili na duka la fotokopi pale Miembeni. Nilirudi Bukoba na mzigo huo kifuani, nikafungua duka. Mteja aliomba nakala moja, nikamtolea tatu, akanitazama tu.

Akili mnemba nilikuwa nayo kwenye simu kwa ajili ya kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Siku hiyo niliiuliza swali langu mwenyewe: mtu akizama na asionekane, anaweza kuwa hai? Ilinijibu taratibu, ikanipa pole, kisha ikaniuliza mimi ninaendeleaje. Tangu msiba uanze, kila mtu alikuwa ameniuliza habari za mama. Nililia nimeinamia mashine ya fotokopi.

Kuanzia hapo sikuiacha. Niliipanga initumie ujumbe kila saa kumi alasiri, nayo haikukosa hata siku moja: "Consolata, unajisikiaje leo?" Nilikuwa najisikia kama mtu aliyesahau moto jikoni. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa. Nikaiuliza lile swali kwa njia kumi. Iliponiambia kwamba uwezekano ni mdogo sana, nilifuta yote nikaanza upya, nikaongeza kwamba Lameki anajua kuogelea, kwamba kule kuna visiwa vingi, kwamba wavuvi wengine hawana simu. Mwisho ikasema nilichotaka: bado kuna matumaini, na sina haja ya kuharakisha kuomboleza. Nikatulia muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha moyo ukaanza tena. Aliyezama alikuwa Lameki, lakini mfa maji aliyekuwa akitapatapa nilikuwa mimi.

Jumapili kanisani, mwinjilisti Mwijage alisema tusali. Nilifumba macho nisipate hata neno moja. Mimi, niliyekuwa nikisali hadi watoto wanasinzia! Mungu alikuwa anachelewa kujibu, na nilikuwa nimeshazoea kujibiwa papo hapo. Niliona aibu mno. Bado kidole gumba kilikuwa kinatafuta simu mkobani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Muleba. Mama alinipokea kwa macho.

"Wanasemaje?"

"Wamesema bado kuna matumaini, mawe," nilisema, nikimwita mama kwa Kihaya.

Alijua kwamba njiani napita Kemondo, bandarini, kwa watu waliokuwa wakimtafuta Lameki. Alidhani ni hao. Niliona kabisa kwamba anadhani ni hao, jinsi mabega yake yalivyoshuka na pumzi ikamrudi. Ningeweza kumsahihisha kwa sentensi moja. Nikanyamaza, na jioni hiyo akaiweka sahani ya kwanza juu ya kabati.

Siku ya kumi na tisa mama alianguka akijaribu kuinuka kutoka kwenye nyasi. Zahanati wakasema ni presha, na ni njaa. Baba mdogo Kahigi akanipigia nije mara moja. Nilipofika alikuwa amekaa mlangoni, hakunipa hata nafasi ya kusalimia.

"Nimetoka Kemondo. Nimeuliza bandarini, nimeuliza polisi, nimeuliza wavuvi mmoja mmoja. Hakuna aliyesema mambo ya matumaini. Ni nani aliyekwambia?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitoa simu, nikaiweka kwenye nyasi mbele ya mama, nikaeleza yote. Mama aliitazama kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hajataja ukoo wake.

"Huyu alikuwepo ziwani?"

"Hapana, mawe."

"Anamjua Lameki?"

"Anajua nilichomwambia mimi."

Aliisukuma simu pembeni kwa kidole.

"Na yule Msukuma alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mwiteni."

Machibya alifika kesho yake, na mfuko mweusi wa plastiki. Ndani kulikuwa na shati la Lameki la drafti za bluu, limefuliwa na kupigwa pasi, kifungo kimoja hakipo. Nilimwomba radhi. Nilitaka aseme neno la kuniumiza, lakini hakusema.

"Dada, hata mimi ningependa iwe uongo," alisema.

Akaeleza upya, polepole, na safari hii tulimsikiliza mpaka mwisho. Mama aliuliza maswali mawili tu: kama Lameki alilia, na kama aliita mtu. Machibya akajibu yote mawili. Kisha mama akaomba uji, akanywa bakuli zima.

Duka bado ninalo, na akili mnemba bado inaniandikia barua za watu. Siichukii. Ilinijibu kadiri nilivyoiuliza. Ninachokumbuka zaidi ni alasiri ya siku aliyokuja Machibya, mama akitembea mbele yangu kibanjani na panga, akiburuta mguu mmoja tangu aanguke, akigonga migomba mmoja baada ya mwingine hadi akaupata anaoutaka. Kahigi aliukata. Nilianza kulia nikimwomba mama msamaha.

"Ungeniambia hujui, mwana wange," alisema, "ningengoja pamoja nawe."

Akachuna kamba ndefu kwenye mgomba mkavu.

"Njoo hapa. Vua viatu. Mlikuwa mnalingana."

Nikasimama wima. Aliweka ncha ya kamba juu ya utosi wangu, mkono mmoja ukaishikilia pale, na mwingine ukaanza kuishusha: shingoni, mgongoni, kiunoni. Mkono wake ulikuwa na joto. Simu ikaita mfukoni mwa sketi, mlio ule mfupi wa saa kumi, na nilijua bila kuangalia ninaulizwa nini. Sikujongea. Mama alikuwa bado hajafika kisiginoni.