Pumzi za Pakiti

"Ifahamike kwa wote, wa karibu na wa mbali, kwamba leo Kamati Kuu ya Majaribio itapima uwezo wa kompyuta ya Unix iitwayo Bikizee wa kuelekeza pakiti za data. Asiyehusika asisogee."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni. Kamati Kuu ilikuwa na watu wawili: Babu, fundi wa mtandao wa chuo cha ushonaji, na mjukuu wake aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambaye Babu alimwita Waziri kwa kuwa alisema mengi na kutenda machache. Asiyehusika alikuwa Shangazi, mkuu wa chuo, na ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Baba," alisema Shangazi akiingia, "Bikizee akishindwa leo, Jumatatu naweka kifaa kipya, nawe upumzike nyumbani. Umechoka."

"Nimechoka kuambiwa nimechoka."

Shangazi akaenda darasani. Waziri aliuona mkono wa Babu ukipapasa kifuniko cha Bikizee kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Tangu Bibi afariki, Babu alinyoa ndevu kila asubuhi, akafunga vifungo vyote vya shati, akaja hapa. Siku za mapumziko hakunyoa.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kompyuta moja inamwaga pakiti, Bikizee aliye katikati anazielekeza upande wa pili, ya tatu inahesabu zilizofika. Wakajaribu. Karibu nusu zilipotelea njiani.

"Anazimeza," alisema Babu polepole. "Zamani hakuwa hivi." Akatoka kwenda kunawa uso.

Penye nia pana njia, na penye kebo pana njia ya mkato. Waziri akachomoa kebo za Bikizee, akaziunganisha zile kompyuta mbili moja kwa moja, akabadilisha anwani zao na kupima upya. Pakiti zote zikafika, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

Shangazi aliporudi akainamia skrini. "Zote?"

"Zote, Mheshimiwa. Mwanzoni Bikizee alikuwa anapasha misuli."

"Basi abaki."

Babu aliingia akijifuta uso, akasikia neno hilo, akatabasamu hadi macho yakafumba. Kisha akavaa miwani na kusoma. Tabasamu likapungua kidogo kidogo.

"Waziri, pakiti ikitoka huku ina pumzi ngapi?"

"Sitini na nne, Babu."

"Na kila mashine inayoielekeza?"

Waziri akakohoa. "Inakata moja."

"Ili isizurure mtandaoni milele. Hizi zimefika na ngapi?"

Kila mstari ulisema sitini na nne.

"Labda Bikizee kazionea huruma."

Shangazi nusura acheke, lakini kidole cha Babu kilikuwa kinaifuata kebo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kilimpita Bikizee bila kumgusa.

"Mjukuu wangu," alisema Babu, na hakufoka, "nitajivunia vipi safari ambayo Bikizee hakwenda?"

"Nilitaka Jumatatu unyoe ndevu."

Shangazi akautazama uso wa baba yake, kidevu kilichonyolewa vizuri, kama ambaye hajawahi kukiona. Akavuta kiti. "Rudisheni kebo. Pimeni tena, kwa haki. Nangoja."

Kebo zikarudi. Kabla ya kuanza, Babu alimuuliza Bikizee ni kazi zipi zinazomshughulisha. Orodha ikatokea. Juu kabisa, ikila karibu nguvu zake zote, ilikaa programu iitwayo "jogoo".

"Jogoo?" Babu akaifungua, akaisoma kwa sauti. "Ikague kila pakiti ipitayo. Ikikuta ya kompyuta ya Mkuu, spika ya ukutani ofisini kwake iwike."

Shangazi akasimama. "Kumbe! Tangu juzi kila nikifungua barua pepe jogoo anawika ukutani! Nimeita seremala abomoe mbao!"

"Shikamoo, Shangazi."

"Ulishaniamkia!"

Waziri akautazama mlango, na lile tangazo, kisha akatazama viatu vyake.

"Ni mimi. Nilimwekea jogoo juzi, nikasahau kumzima. Pakiti zote hizo amekuwa akizikagua moja moja kwa ajili ya mzaha wangu." Akamgeukia Babu. "Hakuzeeka, Babu. Nilimtwisha mzigo mimi, halafu nikamwacha alaumiwe yeye."