Nyumba Zinazoondoka Mvua Ikinyesha

Saa mbili na robo asubuhi, chai haijafika, Kabati alikuwa ameshaweka nguzo za umeme chini ya "vitu visivyohama". Wenzake walimbandika jina la Kabati kwa sababu kazi yake ilikuwa kukipangia kila kitu cha mjini aina yake, na kila aina sheria zake, ili kompyuta iliyoiga mafuriko ijue kipi kitasimama na kipi kitaondoka. Zikabaki nyumba za bondeni. Mkuu wa kitengo akasema ziende chini ya "vitu vya muda", pamoja na mahema na meza za sokoni. Kabati akaziweka. Sheria ya aina hiyo ilikuwa fupi: mvua ikinyesha, huondolewa.

Jumanne mvua ilinyesha. Nyumba za bondeni ziliondoka zote na vitanda vyake, wakazi wakabaki wameketi kwenye tope, wengine vijiko mkononi. Mvua ilipokatika zilirudi, kavu kabisa. Watu walinung'unika kidogo kuhusu viatu.

Shangazi yake Kabati, mwenye pumu, aliishi huko. Alikuja ofisini akikohoa, kichwani mfuniko wa sufuria.

"Mwanangu, nyumba si mwavuli," alisema. "Kwa kifua hiki, masika sitayamaliza."

Kabati aliona aibu, akaenda kwa mkuu kuomba nyumba zihamishiwe chini ya "makazi". Mkuu alieleza kwa upole kwamba kila nyumba iliyo chini ya "makazi" lazima itengewe boti ya uokoaji, na bonde zima lilitengewa boti moja. Basi ahamishe nyumba moja, kwa majaribio. Kabati akahamisha ya shangazi. Alijua anapendelea, lakini shangazi ni baba wa kike.

Ijumaa ilinyesha kubwa zaidi. Kabati alishuka bondeni mbio. Nyumba zote zilikuwa zimeondoka isipokuwa moja, na ndani yake majirani arobaini na wawili walibanana mpaka juu ya meza. Shangazi alikuwa kitandani, mkavu, anapumua vizuri, anawakaripia waliokanyaga mkeka. Kabati aliketi kizingitini, akacheka mpaka akalia.

Jumatatu kompyuta ilitoa ripoti: bondeni, nyumba moja, wakazi arobaini na watatu. Mkuu aliridhika kwamba boti moja inatosha nyumba moja, akaamuru mwenye nyumba apelekewe barua ya onyo kwa kujaza watu.

Ilikuwa barua ya kwanza kufika bondeni. Shangazi aliomba asomewe mbele ya majirani, akauliza kama imekataza mvua. Haikuikataza.

"Haya, wingu hilo," alisema. "Ingieni, na viatu mvue."