Udi wa Nguzo ya Kwanza

Kijiti cha udi kilizama ndani ya ufa wa nguzo ya daraja mpaka moshi wake ukapotea, kana kwamba umekimeza.

Thoa alichomeka cha pili. Nacho kikaenda. Akaingiza vidole, kisha kiganja kizima, na humo ndani akakuta baridi ya mto.

"Mama, mwaka jana si tulikuwa tunavisukuma kwa nguvu?"

"Babu yako ana njaa mwaka huu," alisema Bi Nhan, akipanga wali wa kunata juu ya jani la mgomba. "Ongeza vingine."

Hivyo ndivyo nguzo ilivyolishwa tangu vita. Wafaransa walilijenga daraja la Say kwa chuma kilichokuja na meli. Ndege za vita zikalivunja mara tatu, na mara tatu watu wa mji wakaliunga kwa vyuma visivyofanana, babu yake Thoa akiwa miongoni mwao, hadi bomu la mwisho lilipomkuta hapohapo juu. Mwili haukupatikana. Ufa ulipatikana. Mwanzoni ulipokea kijiti kimoja. Miaka ikapita, ukapokea vitatu. Kila ulipopanuka, watu walisema wafu wanaomba zaidi.

Thoa naye hakuwahi kusema vingine. Hata mboga sokoni alinunua kwa kunyoosha kidole, asiseme neno. Lakini garimoshi la saa moja lilikuwa njiani kuelekea mjini, na dada yake Lieu alikuwamo.

Alipanda ngazi mbio hadi kwenye kibanda cha mlinzi, pale reli inapoingia darajani.

"Mjomba Khoat, zuia garimoshi. Nguzo imemeza mkono wangu."

Mzee aliutazama mkono, akacheka. "Mbona naona umerudishiwa? Mabomu yalishindwa na daraja hili, binti, liangushwe na udi wako? Nenda ukale wali."

Nyuma ya migomba honi ililia. Thoa akainyakua bendera nyekundu mlangoni, akaingia katikati ya reli.

"We mtoto! Una wazimu? Toka!"

"Sitoki!" Sauti ilimshtua mwenyewe. "Sitoki, mjomba!"

Breki zilipiga yowe. Garimoshi likasimama hatua kumi kutoka kwake, dereva akimtukana, Lieu akichungulia dirishani.

Khoat peke yake alikuwa akilitazama daraja. Garimoshi halikuwa limegusa daraja, lakini vyuma vilikuwa vikitetemeka, na moshi wa udi ulioingia chini ulikuwa ukitokea juu, katikati ya mataruma ya reli: ufa ulikuwa umeipasua nguzo nzima.

Thoa aliinama ukingoni. Kule chini, mama yake alikuwa bado anaongeza vijiti.