Meza ya Pili

Kila tarehe kumi na moja ya Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, watu wakiwa bado wamesimama kwenye baridi ya mnara, Verna Kowalchuk ndiye aliyeandaa meza ya asiyerudi katika ukumbi wa maveterani. Meza ndogo, kitambaa cheupe, kiti kimoja kilichoegemezwa mezani. Kwenye sahani, kipande cha limau kwa uchungu wa kifo, na chumvi kwa machozi ya waliobaki. Glasi hufudikizwa, maana mwenyewe hatakunywa. Hakuna anayekikalia kiti hicho. Ukumbi ujae usijae, watu wa mji ule wangeona heri kula wamesimama kama farasi kuliko kukigusa.

Mwaka huu Verna aliandaa mbili.

Ya pili ilikuwa ya mwanawe. Curtis alirudi kutoka vitani Kandahar mzima, mikono miwili, miguu miwili, na mji ukampigia makofi. Baada ya majira mawili ya baridi mama yake alimkuta gereji, amejiua. Verna aliomba jina lake lichongwe mnarani, na mwenyekiti, Orville Lindqvist, alimjibu mbele ya kamati nzima: "Mnara ule ni wa waliofia vitani, Verna. Curtis alifia gereji." Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halimezeki, halitemeki.

Watu wakaingia wakikung'uta theluji. Maua yao mekundu ya kitambaa walikuwa wameyabandua vifuani na kuyaacha mnarani, kama ilivyo desturi. Bernice, mwenzake wa jikoni, akamvuta kando.

"We Verna, unatafuta balaa. Orville akiiona je?"

"Aione. Si ana macho?"

"Atanuna mpaka Krismasi!"

"Lini hajanuna? Yule alizaliwa amenuna."

Orville aliiona. Akaja taratibu, medali zikigongana kifuani.

"Hii meza ya nani?"

"Ya asiyerudi."

"Ya asiyerudi ile pale."

"Huyu naye hakurudi, Mzee. Nilimpikia, nikamfulia, lakini yule aliyeshuka kwenye ndege mimi simjui mpaka leo."

"Iondoe."

"Iondoe wewe, kama mkono wako unakubali."

Orville hakubishana. Alikwenda akajipakulia pirogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na kitunguu, akarudi, akakivuta kiti cha Curtis na kukikalia. Kisha akaigeuza glasi.

"Meza ni meza tu," alisema. "Nani ananiletea kahawa?"

Watu wote wakageuka. Verna alitamani kumzaba kofi mzee wa watu, na hakuona aibu kutamani hivyo. Badala yake aliiondoa ile sahani ya pirogi, akamsogezea limau na chumvi.

"Chakula cha meza hii ndicho hiki. Umekalia kiti, kula."

"Verna, acha vituko."

"Kule nimemwekea Nels limau miaka yote, na sijawahi kukuuliza alikufaje. Leo kula la Curtis."

Nels alikuwa kaka yake Orville. Aliuawa Korea, na kila mwaka Orville husimama mbele ya meza ile ya kwanza, akainamisha kichwa.

Angeweza kuinuka. Lakini ni yeye aliyeufundisha mji mzima kwamba meza ile si ya mchezo. Akalichovya limau kwenye chumvi, akalitia kinywani na ganda lake, akatafuna. Alitafuna muda mrefu. Macho yakamjaa maji.

"Kali," alisema.

"Mimi nalila kila siku."

Orville akakitazama kitambaa cheupe. "Mama alinikataza kukalia kiti cha Nels kule nyumbani," alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa mtoto. Siku moja nikakikalia, basi tu. Alinichapa mpaka tukaangua kilio wote wawili."

Mzee akainuka kwa kushikilia meza, akakiegemeza kiti kama alivyokikuta. Akaifudikiza glasi, ikabidi ajaribu mara mbili.

"Jina siwezi kukuahidi," alisema.

"Najua."

"Meza iache."

Akaenda zake, pirogi zake akaziacha. Minong'ono ikaanza, kisha vijiko. Viti havikutosha mwaka huu, wakulima wakala wamesimama ukutani, sahani mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekigusa kiti cha meza ya pili.

Bernice alimfuata Verna jikoni akicheka. "Umemshinda, mama! Orville Lindqvist, mbele za watu!"

Verna alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili, analia. Kutwa nzima alikuwa amekipigania kiti kile kibaki kitupu. Sasa kilikuwa kitupu.