Vibanio vya Mtaa wa Chini

Kazi ya Sindano kiwandani ilikuwa kufunga midomo. Ndivyo alivyopenda kujibu akiulizwa, kisha akanyamaza kidogo kumpa mtu nafasi ya kucheka. Mkate ukishatoka kwenye tanuri, ukapoa, ukakatwa vipande na kuingizwa mfukoni, ulimfikia yeye. Aliusokota mdomo wa mfuko mara moja, akaubana kwa kibanio kidogo cha plastiki, akausukuma kwenye kreti. Jina la Sindano alipewa na wenzake wa mezani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake uliojua pa kupenya.

Vibanio vilikuwa na rangi, na kila siku ya kuoka ilikuwa na yake. Jumatatu nyekundu, Jumanne njano, Jumatano kijani, Alhamisi buluu, Ijumaa nyeupe. Mwenye duka akitupa jicho kwenye rafu yake alijua upi mkate wa leo na upi umekaa. Hakuna zaidi ya hapo. Sindano hakuwahi kuwaza kwamba jambo dogo hivyo lingeweza kumnyima usingizi.

Jumapili mchana kaka yake alifika nyumbani, akamnyanyua mtoto, akambusu, akamrudisha mkekani bila hata kumrusha juu kama kawaida yake. Watu walimwita Spika, maana tangu utotoni hajawahi kujua kunong'ona. Alikuwa fundi wa simu. Kutwa alishinda kwenye kibanda chake, mkono mmoja kwenye simu za watu, mwingine kwenye yake, akisoma na kuandika katika kundi moja la mtandaoni lililojiita Macho Hayalali. Leo alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo peke yake lilimtisha dada yake.

"Mdogo wangu, mwambie shemeji Alhamisi asiende kazini. Aumwe."

"Aumwe nini?"

"Chochote. Tumbo. Tumbo halina ushahidi."

Shemeji mwenyewe, mume wa Sindano, ndiye dereva wa gari la mikate. Walimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha, utadhani kreti zimejaa mayai. Wakati huo alikuwa nje anaosha viatu.

"Kaka, sema kilichokuleta."

Spika akasema. Watu wa mtaa wa chini, yaani wao, wengi wanamtaka mgombea mpya. Wa mtaa wa juu wanamtaka yule aliyeko madarakani. Sasa, mikate ya mtaa wa chini ina vibanio vyekundu na vya buluu tu. Ya mtaa wa juu, njano na nyeupe tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua, akauliza wenzake kundini, kila mtu akatazama jikoni kwake, ikawa kweli. Na mwenye kiwanda ni rafiki wa wakubwa. Basi kundi likapiga hesabu zake: mikate ya chini inatiwa dawa ya usingizi, kidogo kidogo, ili siku ya kupiga kura watu wasiamke. Alhamisi vijana watalisimamisha gari kwenye kona ya karakana, wachome mikate yote.

"Na dereva?"

Spika akamwangalia mtoto. "Ndiyo maana nimekuja."

Sindano akamvuta mtoto karibu. Akajikaza, akaeleza polepole kama anavyomweleza mtoto. Gari ni moja. Jumatatu na Alhamisi linashuka mtaa wa chini, Jumanne na Ijumaa linapanda mtaa wa juu, Jumatano linakwenda hospitalini na mashuleni. Rangi ni ya siku, si ya mtaa.

"Kwa hiyo unakubali rangi ni tofauti."

"Nakubali! Lakini sababu..."

"Lisemwalo lipo, mdogo wangu."

"Lipo mdomoni mwa aliyelisema."

Spika akacheka kidogo, ila hakuyumba. Akaondoka akisisitiza habari ya tumbo.

Taratibu alipoambiwa, alikung'uta kiatu chake, akasema haumwi tumbo na hataumwa. "Nikilala mimi, msimamizi atamtuma dereva mwingine. Na yeye ana mke."

Jumatatu asubuhi Sindano alimweleza msimamizi. Yule akacheka mpaka akafuta macho, halafu akasema ikibidi ataomba askari wakae kwenye gari. Hapo Sindano akaona mlango mwingine umejifunga. Gari la mikate lenye askari! Kundi lingesema nini, kama si kwamba kumbe kweli kuna kitu kinalindwa?

Mchana, wakati wa mapumziko, alifanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote anayeamini kwamba ukweli ukionyeshwa unatosha. Alipanga maboksi ya vibanio mezani, rangi zote tano, akajipiga picha akiwa amevaa kofia yake ya kazi, akamtumia kaka yake aiweke kundini pamoja na maelezo ya siku na safari za gari. Spika aliiweka neno kwa neno. Alikuwa mbishi, ila hakuwa mwongo.

Kabla ya zamu kwisha, picha ile ilikuwa imeshazunguka na kichwa kipya: MTU WA NDANI AKIRI. Wengine walikuza picha wakaona kivuli ukutani wakasema ni mtu amemsimamia na bunduki. Kilikuwa kivuli cha ufagio. Mmoja aliandika kumhurumia: dada huyu macho yake yamechoka, bila shaka na yeye wanamlisha. Sindano aliposoma hilo alitaka kucheka, akajikuta analia. Macho yalikuwa yamechoka kweli. Mtoto anaota meno.

Jioni alikwenda darasani. Tangu mwaka jana alikuwa akimalizia masomo aliyoyaacha, wote watu wazima, wameketi kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mwalimu alikuwa mama mmoja mwenye kikohozi na subira. Kipindi kilihusu majadiliano, na Sindano akauliza bila kutaja mtu: ukibishana na mtu ambaye kila ushahidi unaompa anaugeuza uwe wake, unafanyaje?

Mwalimu akakohoa. "Acha kumpa. Mwombe yeye. Muulize, ungeona nini ndipo useme nimekosea? Akisema hakuna, basi huyo habishani, anasali. Akitaja kitu, nendeni mkakitafute."

Wenzake wakacheka. Sindano hakucheka, aliandika.

Kesho yake alitoka kazini, akampitia mtoto kwa jirani, akaenda hadi kibandani kwa kaka yake, mtoto mgongoni. Spika alikuwa na simu imefunguliwa tumbo, bisibisi mdomoni.

"Sikuja kubishana," Sindano akasema.

"Basi si wewe."

"Nakuuliza swali moja. Ungeona nini ndipo ukubali umekosea?"

Spika akatoa bisibisi mdomoni. Labda hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kundini watu waliulizana tu nani mwingine ameona. Akafikiri, na dada yake akamwacha afikiri, akimbembeleza mtoto.

"Nikikuta kibanio chekundu mtaa wa juu," akasema hatimaye. "Kwenye duka la huko. Si picha. Nikute mwenyewe."

Sindano akakaza kanga ya mtoto ili uso usimsaliti. "Basi panda kesho ukaangalie. Ingia maduka unayotaka wewe. Ila usirudi kabla hujafika lile la mwisho kabisa, kule kwenye mawe."

"Kuna nini huko?"

"Kuna duka."

"Umeshapanga kitu wewe."

"Kaka, nitapanga kitu na mtoto huyu mgongoni? Nenda leo basi kama unaogopa nitakutangulia."

Alikwenda. Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na baba mkwe. Sindano akarudi nyumbani, akapika, akamlisha mtoto, na kila mlango wa jirani ulipogongwa alichungulia njiani.

Spika alirudi jua likiwa bado halijazama, vumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko wa mkate mkononi. Mfuko ulikuwa nusu. Akaketi kizingitini.

"Maduka ya kwanza yote njano na nyeupe," akasema. "Nikawa najisemea, unaona? Nikaingia la mwisho. Nikapindua mikate yote ya rafuni. Mwenye duka akadhani mimi bwana afya, akaanza kufuta meza." Akaweka mkate chini. Mdomo wake ulikuwa umebanwa kwa kibanio chekundu. "Ilikuwa sita hivi. Na kimoja cha buluu, mkate mkavu kama tofali."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza. Akasema gari la shemeji haliwezi yale mawe, anafuata mikate mwenyewe kiwandani kwa pikipiki Jumatatu na Alhamisi, siku anazompeleka mama yake kliniki." Spika akajikuna kichwa. "Na huyo ni wa chama chao kabisa, dada. Picha ya mzee imejaa mlango mzima. Sasa wamtilie dawa mtu wao?"

Sindano akakigeuza kibanio upande wa pili. Mwalimu hakuwafundisha cha kusema baada ya hapo.

"Mkate umeula wewe?" akauliza mwishowe.

"Njaa. Nimetembea."

"Umesinzia?"

"Bado." Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili, kicheko chake kile cha kuamsha mtaa, na mtoto akacheka naye bila kujua kwa nini. Kisha kicheko kikamkauka. "Mimi ndiye niliyewaambia. Mimi ndiye niliyeanza."

Palepale akarekodi ujumbe wa sauti. Hakuupamba. Alieleza alichokiona, duka gani, rafu gani, na kwamba yeye aliyeanzisha habari ile sasa anaiondoa, atakaye aende akajionee. Majibu yakamiminika kabla hajaweka simu chini. Spika amelishwa. Spika kanunuliwa kwa mkate. Wachache waliuliza njia ya kufika kwenye mawe. Baadaye mwenye kundi akamtoa.

Akabaki akikitazama kioo cha simu. "Miaka yote hii," akasema. "Hata kwaheri."

"Na kona ya karakana?"

"Sijui. Siwezi tena kusoma wanachopanga."

Jumatano ilipita kama mwiba kwenye nyayo. Alhamisi kabla ya mapambazuko kukamilika, Taratibu alikuwa anapakia kreti wakati shemeji yake alipotokea getini, shati limepigwa pasi, akafungua mlango wa gari na kuketi mbele kama bosi.

"Unakwenda wapi?" Taratibu akauliza.

"Kuuza sura. Wewe endesha."

Sindano aliwaona kupitia mlango wa kupakilia. Alitaka kukimbia awashushe wote wawili. Lakini mikate ilikuwa inakuja mezani na simu haziruhusiwi huko, zilifungiwa makabatini. Basi akafunga midomo. Alisokota, akabana, akasukuma, na kila kibanio cha buluu alikibana na dua. Mwenzake wa pembeni alimwona akipitwa na mikate, akachukua nusu ya kazi yake bila kuuliza.

Gari lilirudi. Alilijua kwa mlio wake, jinsi lilivyopanda tuta la getini kwa adabu. Aliacha mkate wazi mezani akatoka. Kreti zilikuwa tupu, kioo cha gari kizima, na wanaume wawili walikuwa wanabishana nani alitetemeka zaidi.

Vijana walikuwepo, walimwambia, na tairi la kuchoma walikuwa nalo. Taratibu alisimamisha mwenyewe, wala hakungoja kusimamishwa. Spika akashuka, akafungua mkate mbele yao, akala vipande viwili vikavu, akamsukumia aliyeshika tairi.

"Nikamwambia, kama una dawa tulale wote hapa barabarani, shemeji atatufunika."

"Akala?"

"Yule hajanywa hata chai tangu alfajiri. Alikula vipande vitatu," Taratibu akasema. "Mmoja alikataa katakata. Anasema leo wamebadilisha mikate kwa sababu tumejua."

"Huyo hatukumpata," Spika akasema. "Lakini peke yake hawezi kuliwasha tairi. Alilivingirisha akaondoka nalo."

Sindano akaketi kwenye kreti tupu, akacheka na kufuta macho kwa kofia ya kazi, huku msimamizi akimwita kutoka ndani kwamba mikate inarundikana.

Jioni Spika alikuja kula. Bila kundi mikono yake haikujua pa kukaa, akaanza kumchokoza shemeji yake. Kumbe Taratibu, mtu wa mtaa wa chini, alikuwa anamtaka mzee aliyeko madarakani, na hajawahi kumwambia mtu.

"Amejenga nini huyo?"

"Shule. Saba."

"Tatu."

"Saba, mimi nazipelekea mikate kila Jumatano."

"Nne ulizikuta. Alizipaka rangi tu."

Taratibu akahesabu kwa vidole, akitaja moja moja. "Ile ya karibu na hospitali ilikuwepo, ni kweli," akakiri. "Basi sita. Hizo nyingine sijui. Jumatano ijayo nitawauliza walimu."

"Twende wote."

"Utabeba kreti."

"Nitabeba."

Mtoto alikuwa ameshalala mapema, meno yamempa likizo. Sindano akatoa kichwa mlangoni akiwa na mwiko mkononi, awaambie wapunguze sauti. Akawatazama kidogo, kisha akarudi jikoni, akawaacha wabishane.