Aiskrimu ya Adventina

Mwaka ule wa tisini na moja, Adventina alirudi nyumbani Ihembe akiwa mgonjwa. Vidonda vilimjaa mdomoni hadi kooni. Siku ya tano sasa, ndizi hazipiti, uji haupiti. Mama yake, Laurensia, alimwomba Mungu jambo moja tu: mwanangu ameze.

Asubuhi akaenda zahanati ya masista. Sista Deodatha alifungua jokofu lao la mafuta ya taa, akamjazia kitu cheupe kizito katika chupa ya chai.

"Hii ni aiskrimu, mama. Ina maziwa, mayai na sukari. Si chakula cha kila siku, haishindi maharage na mchicha. Lakini asiyeweza kutafuna inamtia nguvu."

"Bwana akubariki, Sista."

Njiani Laurensia aligusa kwa kidole, akashtuka. Baridi kama mvua ya mawe! Kwao maziwa ya mgonjwa huchemshwa. Cha baridi hushuka kifuani kikamuua. Alipofika akaimimina sufuriani, ikatokota, akampelekea binti yake ikifuka moshi.

Adventina akanywa. Machozi yalimtiririka, lakini hakuacha mpaka kikombe kikaisha.

"Tamu, mwanangu?"

"Tamu, mama."

Laurensia akapiga magoti, akashukuru.

Kesho yake alirudi zahanati uso umekunjuka. "Sista, alimaliza yote! Niliichemsha vizuri."

Sista akamshika mkono. "Uliichemsha? Kosa ni langu, sikukueleza. Nguvu ya maziwa haikupotea, mama. Lakini ile baridi ndiyo inayotuliza vidonda. Alimezaje moto ule?"

Laurensia alijua alimezaje. Akaomba nyingine, akaondoka mbio, akisali rozari kwa vidole.

"Kwa nini hukusema inakuunguza?" alimuuliza binti yake alipofika.

"Ungelia," Adventina alinong'ona. "Na wewe ukilia, mama, majirani wanakuja na mikeka ya msiba."

Laurensia akaimimina bakulini. Kijiko cha kwanza kikapita. Adventina akafumba macho, uso ukalegea. Cha pili kikapita. Cha tatu alikisukuma kwa mama yake. "Onja na wewe."

Laurensia akaonja. Utamu ulimfikia kabla ya baridi. Alipochota kingine, binti alikuwa amegeukia ukutani, amechoka.

"Kimoja tu, mwanangu."

"Imetosha, mama."

Iliyobaki ikayeyuka. Laurensia alilipakata bakuli, akamshukuru Mungu kwa vijiko viwili.